Mpima Maji Aliyejisahihisha Hadharani

Ndugu, jamaa na majirani, mtuwie radhi familia ikisoma historia hii kwa furaha inayotushinda kuificha, maana baba yetu, ambaye mlimwita Mzee Sentimita hata mkasahau jina alilopewa na wazazi, hakuishi maisha ya kunong'onwa.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko kuanzia 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi, ambako hesabu alizimeza, ila sauti ya kuimba akanyimwa. Tarehe 1 Julai 1972 aliajiriwa bwawani kuwa mpima maji, kazi yake kusoma nguzo ya kipimo kila asubuhi na kuandika kina daftarini, na kwa namba hiyo moja wakubwa waliamua mpunga ulimwe eka ngapi na taifa litakula nini. Tarehe 14 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, muuza mbegu, wakajaliwa watoto watano.

Sasa tegeni masikio, utamu uko hapa! Februari 1984, mwaka ambao mvua iliipa nchi mgongo, daftari lilisema maji mita sita, miche ya eka elfu sita ilikuwa tayari, ndipo mama, akiwa na mimba yangu mimi ninayewasomea, alipomuuliza iweje jiwe lake la kufulia la ukingoni mwa bwawa liko nchi kavu, au daftari nalo lina kiu. Baba alicheka, kisha akaacha kucheka, akafunga jiwe kwenye kamba, akalishusha kando ya nguzo, akapata mita nne na nusu. Nguzo ilikuwa imedidimia topeni, ikaonyesha maji mengi kuliko yaliyokuwapo, naye kila Januari aliipaka rangi vizuri bila kuukagua mguu wake.

Akinyamaza, kazi na nyumba ya kazini vinabaki, ila mpunga wote unakauka ukichanua na nchi inalala njaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi tarehe 20 Februari alisimama mkutanoni, mbele ya mhandisi mkuu, akasema kosa ni lake, wapunguze mpunga. Wakulima wa mfereji wa chini, ambao mpunga wao ndio ungekatwa kwanza, walimzomea, wakamrushia miche. Mhandisi alipima kwa kamba ileile, mpunga ukabaki eka elfu mbili, kwingine wakapanda mtama na kunde, maji yakaenda kwa zamu, na baba akashushwa cheo kwenda kung'oa magugu mferejini mwaka mzima. Tarehe 9 Julai malori thelathini na moja yalipakia chakula cha kupelekwa wilaya ambazo hazikuvuna hata punje, naye, matope hadi kiunoni, alishangilia kila lori kama goli!

Alirudishiwa daftari 1985, akastaafu 2011, akaanza kuugua figo Machi 2021, akafariki tarehe 6 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, akiacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa bwawani. Nanyi wakulima wa mfereji wa chini, mliokuja jana kutuambia kwamba jeneza hili hatalibeba mwingine ila ninyi, familia imekubali, njooni mmchukue.

Baba, umefika mikononi mwao, pumzika kwa amani.