Breki, Dereva Aliyejifunza Nyumba Yake Uzeeni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, endelea nayo huku unatusikiliza. Mtu tunayemkumbuka leo asingependa uache sufuria jikoni kwa ajili yake.

Leo tunamkumbuka Breki. Sauti yake wengi wenu mnaijua. Ni yule mzee mwenye sauti nzito, yenye mikwaruzo kidogo, aliyekuwa akitupigia simu Jumamosi asubuhi kwenye kipindi cha nyumba na bustani. Breki amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni yake. Narudia kwa aliyechelewa kutufungulia: Breki, dereva mstaafu, mtu wa nyanya na mashuka, ametutoka.

Jina la Breki alipewa na madereva wenzake. Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori ya mizigo, safari za mbali. Mteremko ukionekana tu kule mbele, mguu wake tayari uko kwenye breki. Wenzake walimpita wakimpigia honi na kumcheka. Yeye aliwaacha wacheke. Hakuwahi kupindua lori.

Lakini dereva wa safari za mbali, nyumbani kwake ni mgeni. Aliwahi kutuambia hewani: "Nilikuwa nafika, naoga, nakula, nalala, naondoka. Watoto walinipokea begi mlangoni, wakaniuliza nimekuja kwa siku ngapi." Nyumba ilikuwa mikononi mwa mkewe. Bomba likivuja, ni yeye. Panya wakiingia stoo, ni yeye. Mtoto akipata homa, ni yeye. Breki alileta mshahara na vumbi la barabarani, basi.

Akastaafu. Na hata hajazoea kulala kwenye kitanda kilekile kila siku, mkewe akaanguka. Ilikuwa asubuhi, mama wa watu anaanika nguo uani. Kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka polepole, moja moja. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, tunashukuru. Ila ule mkono wa kulia ulilala mapajani kama mzigo alioachiwa na mtu mwingine.

Binti yao mkubwa ni fundi cherehani. Alikuja akiwa ameshaamua. Ametusimulia mwenyewe mazungumzo yale, pale sebuleni.

"Baba, mama nitakaa naye mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe utakuja kumsalimia."

"Mke wangu nije kumsalimia?"

"Baba, usinikasirikie. Wewe hujui hata mafuta ya kupikia yanakaa wapi humu ndani."

Na kweli Breki hakujua. Akaomba apewe muda, mwezi mmoja tu. Binti akakubali shingo upande.

Wasikilizaji wapendwa, mwezi ule ulianza vibaya. Wali uliungua mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mashuka meupe aliyafua pamoja na shati jipya jekundu, yakatoka na rangi ya waridi. Mkewe aliyatazama yakiwa kwenye kamba, akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu augue. Breki alijiona ameanza kuelewa kazi.

Kisha likaja la sakafu. Siku hiyo aliamua kusafisha nyumba nzima kabla binti hajafika. Akamwaga sabuni ya unga bila kipimo, akapiga deki kwa nguvu zake zote, akaridhika na povu. Hakusuuza. Mkewe akainuka na fimbo yake kwenda kumwona, mguu ukateleza, akaenda chini.

Hakuvunjika. Narudia, hakuvunjika. Lakini nyonga ilivimba, na binti alipofika alimkuta mama kitandani analia kimya kimya. Akafungua kabati, akaanza kukunja nguo za mama yake na kuzitia kwenye begi.

"Baba hakujitetea," anasema huyo binti. "Alisimama mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini, ameshika ule mti wa deki. Mimi baba nilimjua kama mtu wa kutoa amri kwa watu wa kupakia mizigo. Sikuwahi kumwona amesimama vile."

Ndipo mama akasema, neno moja moja: "Rudisha nguo."

"Mama, utaumia tena."

"Basi nitaumia kwangu."

Akapumzika kidogo, akakusanya maneno mengine. "Baba yako hajui. Hajui si sawa na hawezi. Niwekeeni kiti. Mlangoni pa jikoni."

Kiti kikawekwa. Na tangu siku hiyo Breki alimpa mkewe jina jipya: Inspekta. Alisema barabarani alikutana na wakaguzi wa kila aina, wakali na walegevu, ila hakuna aliyeona mambo kama yule wa mlangoni pa jikoni.

Somo la kwanza lilikuwa sakafu, bila shaka. Sabuni kidogo tu kwenye ndoo. Kisha maji safi, mara ya pili. Kisha kitambaa kikavu. Na mgonjwa asiinuke mpaka pale chini pakauke kabisa. Breki aliipenda sana kanuni hiyo, akairudia hewani mpaka tukaizoea. Alikuwa anasema, "Sakafu yenye povu ni barabara yenye mafuta."

Somo la pili, sufuria. Alikuwa anailazimisha kwa kijiko cha chuma, anakwangua mpaka meno yanauma. Inspekta akamwambia, "Acha. Tia maji. Tia magadi kidogo. Chemsha. Kisha iache ipoe." Breki akaiacha, akarudi baadaye, ukoko ukang'oka wenyewe. Alituambia siku hiyo alikaa chini kwenye kigoda akaitazama sufuria kwa heshima.

Na somo jingine nataka mlisikie vizuri, kwa sababu linaokoa maisha. Siku moja alitaka choo king'ae. Akachukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akataka kuichanganya na dawa kali ya chooni. Inspekta alipiga fimbo sakafuni mpaka akashtuka. Hizo mbili hazichanganywi, wasikilizaji. Hewa yake inaunguza mapafu. Tumia moja, fungua dirisha, suuza vizuri. Narudia: hazichanganywi.

Mwezi ukaisha. Binti akaja, akakuta nyumba imekauka, chakula kinalika, mama amesukwa nywele. Zilikuwa zimesukwa ovyo, anasema, zimeelekea kila upande. Lakini zimesukwa. Hakuligusa tena lile begi.

Sasa niwaeleze alivyofika kwetu redioni. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amempa Inspekta mpira mdogo wa kuminya, ili mkono upate nguvu. Inspekta aliuchukia ule mpira. "Mimi si mtoto," akasema, akautupa chini ya kochi. Breki akauliza, basi mkono wako unataka kazi gani? Mama akanyoosha fimbo kuelekea uwanja wa nyuma.

Ule uwanja alikuwa ameuomba tangu ujana wake, apande mboga. Kila mara kulikuwa na injini imelala pale, au gurudumu, au pipa la mafuta machafu. Breki akausafisha wote. Akapanda mchicha, ukaota umenyong'onyea, ukafa. Ndipo akatupigia simu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mimi ni dereva. Ardhi yangu nimeinywesha oili miaka yote. Nifanyeje?"

Bwana shamba wetu alimjibu wazi: udongo huo usipande cha kula. Tafuta udongo safi, uchanganye na mbolea iliyooza vizuri, panda kwenye magunia na ndoo zilizotobolewa chini. Breki akafanya hivyo hivyo. Maganda ya ndizi, ya viazi, majani makavu, vyote akavirundika pembeni mpaka vikawa mbolea nyeusi. Magunia akayapanga kwa kimo cha kiti cha mkewe. Nyanya, vitunguu, mchicha. Inspekta akahamishiwa kazi huko. Akawa anavunja mabonge ya udongo, kwanza kwa mkono wa kushoto, huku ule wa kulia umewekwa tu juu ya udongo, unakaa.

Jumamosi moja Breki akapiga simu. Naikumbuka, nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki. Akasema, "Nyanya zangu zina wadudu wadogo weusi chini ya majani." Kisha kimya. Nikadhani simu imekatika. Nikaita, "Breki, upo?" Akajibu, na sauti ilikuwa imebadilika: "Leo amechuma jani. Kwa mkono wa kulia. Haya, tuendelee na wadudu."

Tukaendelea na wadudu. Kwa anayetaka kujua, ni tone la sabuni ya vyombo kwenye maji, unanyunyiza chini ya majani jua likiwa limepoa, na asubuhi unayasuuza.

Baada ya hapo ikawa desturi. Bila Breki, kipindi kilionekana hakina chumvi. Alitukumbusha kumwagilia asubuhi, tena kwenye shina, si juu ya majani. Alituambia tufunike udongo kwa nyasi kavu ili maji yasipotee. Alituambia kitambaa cha kufutia vyombo kichemshwe na kianikwe juani, maana kile kinachonuka hakisafishi kitu.

Wapo waliomcheka. Shemeji yake mmoja alimkuta anaosha vyombo, akamwambia, "Shemeji, siku hizi umeolewa?" Breki hakuacha kusugua. "Lori nililiosha mwenyewe kila Jumapili," akamjibu. "Unataka kuniambia dada yako amezidiwa na lori?" Shemeji akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.

Na mwanamume mmoja alipiga simu hapa kwa nia ya kumkejeli, akidai tunawaharibu wanaume. Breki alikuwa kwenye laini nyingine. Akamwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, mkeo akilazwa leo, watoto watakula nini kesho?" Yule bwana akakata simu. Wiki kadhaa baadaye akapiga tena. Sauti ilikuwa ya chini kabisa. Mkewe yuko hospitali, amejifungua kwa shida. Akauliza nepi za mtoto zinafuliwaje. Breki akamwelekeza hatua kwa hatua: ondoa uchafu kwanza, loweka, fua kwa sabuni isiyo kali, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani. Hakumkumbusha lolote la siku ile. Akamalizia kwa kumwambia, "Jikaze kisabuni. Utaweza."

Mwaka huu moyo wake ukaanza kuchoka. Daktari akamkataza kubeba ndoo. Akawa anakaa yeye kwenye kiti, na Inspekta ndiye anayesimama, na fimbo yake, anamwagilia kwa kopo dogo. Breki alipozidiwa hakutaka kupelekwa kwa mtoto yeyote, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo. Mkewe alimlisha kwa mkono wa kulia. Polepole, na mara nyingine kijiko kilimwagika kifuani. Binti anasema baba yake alikuwa akijifuta na kusema, "Endelea, nakupa alama nzuri." Alifariki asubuhi, mashuka yamebadilishwa jana yake, dirisha liko wazi.

Siku ya pili baada ya mazishi nilifika pale nyumbani. Sebule ilijaa watu, viti vimeazimwa kwa majirani. Nikamtafuta mjane nimpe pole, sikumwona. Nikaelekezwa nyuma. Nilimkuta kati ya magunia, amevaa nguo za msiba, kopo mkononi. Mwanamke mmoja alikuwa anambembeleza arudi ndani akakae, watu wanamsubiri.

Akamjibu, neno moja moja kama kawaida yake: "Nyanya hazijui kuna msiba. Zinataka maji."

Akamaliza gunia la mwisho. Kisha akanishika mkono, akaingia ndani kwa wageni wake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa mjane, Inspekta wetu. Pole kwa binti, kwa ndugu zake, kwa wajukuu, kwa shemeji, na kwa madereva wote waliowahi kumpigia honi Breki njiani. Mungu ampumzishe, na awape nguvu mliobaki.

Nanyi mliobaki na redio, nawaombeni tafakari ndogo. Tazama hapo ulipokaa. Kuna mtu anayefanya sakafu iwe kavu, kitambaa kiwe safi, chakula kiwe tayari. Je, unamjua? Unaijua kazi yake? Akianguka leo, utaweza kumshika mkono bila kumtelezesha tena? Breki alianza akiwa na mvi kichwani, hajui mafuta yanakaa wapi, na aliweza. Wewe hujachelewa.

Muziki unakuja sasa. Na hicho kikombe ulichonywea chai ukitusikiliza, tafadhali, kioshe mwenyewe.