Msuli Haujui Kusukuma

Tangu gari la abiria aina ya Noah litoke Nyalikungu, Martha alijifanya anatazama mashamba ya pamba, lakini masikio yote yalikuwa kwenye siti iliyo mbele yake. Pale walikaa watu wawili wasiojuana: Apolonia, mkulima wa Sola aliyefunguliwa asubuhi ile hogo, plasta ngumu ya mkono uliovunjika, na Sharifu, mwenye bucha.

"Umebaki fimbo," Apolonia alilalamika, akiutazama mkono. "Sijui kama utasukuma tena toroli la pamba."

"Mayu," Sharifu alimwita mama kwa Kisukuma, "msuli haujui kusukuma. Unavuta tu."

"Miaka ishirini nasukuma toroli, kumbe nilikuwa navuta?"

"Kila ng'ombe ninayemchuna, nyama imeshikwa kwenye mfupa na kano, kama kamba. Kamba umewahi kuiona ikisukuma? Msuli wa mbele ukivuta, mkono unakunjika. Wa nyuma ukivuta, unanyooka, toroli linakwenda."

"Huyo ni ng'ombe. Ng'ombe hasukumi toroli."

Kimoyomoyo, Martha alimpa mama alama moja.

Stendi ya Bariadi mlango uligoma kufunguka. "Mama hapo mlangoni, sukuma!" dereva alipaza sauti.

Apolonia aliuweka mlangoni ule mkono mwembamba. Kwa mkono mzima akaushika kwa nyuma, juu ya kiwiko, asikie kinachotokea humo. Mlango ukateleza.

"Nimesukuma," alisema.

"Umevuta," alisema Sharifu.

Wakashuka wakibishana. Martha alibaki nyuma yao, mkono mmoja ukiisukuma siti iliyo tupu, na wa pili umeushika kwa nyuma, juu ya kiwiko.