Mjomba wa Gora

Benchi la mtaa wa Fass limeegemea ukuta wa duka la vipuri vya friji, lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Uhispania, na anayetaka upande wa kivuli lazima atoke msikitini bila kusalimiana na watu. Hapo ndipo Mama Soukeyna anapoweka birika lake la kahawa ya Tuba, ile yenye pilipili inayokwaruza koo, na hapo ndipo wazee watatu hukutana kila asubuhi kuiendesha Dakar. Wa kwanza ni Sheria, aliyekuwa akibeba mafaili mahakamani na akastaafu akijihesabu hakimu. Wa pili ni Dokta, askari wa geti la hospitali kwa miaka thelathini. Wa tatu ni Massamba, fundi cherehani, ambaye wenzake humwita Kipimo kwa sababu hukipima kitambaa mara tano kabla ya kukitia mkasi, na mara ya sita humrudishia mteja akakifikirie upya. Hawajawahi kuamua jambo likafanyika, lakini hakuna jambo lililopita Fass wasilitolee uamuzi.

Siku hiyo Massamba alikuja na mpwa wake Gora, mtoto wa marehemu dada yake. Gora alikuwa fundi wa friji hodari, kisha akaingia kwenye unga, na kwa miaka sita unga ukamlia kazi, mke, na kichwa cha cherehani cha mjomba wake. Jana alasiri kituo cha methadoni, kile kilicho nyuma ya hospitali, kilimpigia simu. Zamu yake ilikuwa imefika baada ya miezi minne ya kungoja. Aje leo kabla ya saa tano, asiwe amevuta chochote tangu jana, na aje na ndugu mmoja wa kumsimamia. Asiyefika hurudi mkiani mwa orodha. Kwenye fomu, mahali pa msimamizi, Gora alikuwa ameandika neno moja tu: mjomba.

Massamba alivaa boubou lake la bluu la Ijumaa, kanzu pana ya kufika miguuni, wakatoka nyumbani saa tatu kasorobo. Kituo hakikuwa mbali, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Tatizo lilikuwa kilichokuwa ng'ambo ya geti la kituo. Ng'ambo ya geti alikaa shemeji yake, Ousseynou, kaka wa mkewe, juu ya kiti cha plastiki kutwa nzima, akiwahesabu wapita njia. Na ukoo mzima wa mkewe ulikuwa umeambiwa kwamba Gora yuko Mauritania, anafanya kazi nzuri sana.

– Tuwasalimu wazee kwanza, – Massamba alimwambia mpwa wake. – Dakika mbili.

Moyoni aliomba mmoja wao aseme: nipe huyo kijana, nitampeleka mimi.

Gora akaketi mwisho wa benchi, kajikunyata ndani ya sweta huku wenzake wakijipepea. Pua ilimchuruzika, miayo ilimfuatana, magoti hayakutulia. Arosto ilikuwa imemshika tangu alfajiri.

– Kwa hiyo ni dawa ya nini hasa? – Sheria aliuliza, ingawa Massamba alikuwa ameshaeleza mara mbili.

– Ya unga. Anakunywa kila siku mbele ya nesi, arosto inamtoka, anarudi kazini.

– Kila siku? Mpaka lini?

– Mpaka wao waseme.

Dokta akacheka kile kicheko cha mtu anayejua mengi.

– Kipimo, mimi hospitali nimeikalia getini miaka thelathini. Hiyo methadoni naijua. Ni unga ule ule, wameutia maji.

– Siyo ule ule, Mzee Dokta, – Gora alisema. – Ni sharubati. Inakushika siku nzima. Hulewi, huumwi, unakuwa mtu.

– Umeshainywa?

– Bado.

– Basi waache walioiona chupa yake waseme.

– Wewe chupa umeiona wapi? – Mama Soukeyna aliuliza, akimimina kahawa kutoka kopo moja kwenda jingine, juu kwa chini, mpaka povu likasimama.

– Ilipita getini!

– Pamoja na nani?

– Mama, wewe uza kahawa. Haya ni mambo mazito.

Mama Soukeyna akampa Gora kikombe, sukari mara tatu. Gora alikishika kwa mikono miwili, kahawa ikamwagikia gotini, wala hakuonekana kuhisi moto wake. Massamba aliliona hilo, akatazama pembeni.

– Nitakwambieni kitu, – Dokta aliendelea. – Ndugu Wali, yule wa soko la samaki, mnamkumbuka? Aliinywa miezi mitatu. Mnajua ikamfanya nini?

– Ikamfanya nini?

– Akawa hawezi kusema uongo.

– Acha hizo!

– Haki ya Mungu! Mteja anamuuliza, samaki huyu wa leo? Anajibu, wa juzi, mama, tena nusa hapa. Biashara ikamfia. Mkwewe akamuuliza, unampenda binti yangu? Akaomba apewe muda.

Benchi lote likacheka, isipokuwa Massamba. Alikuwa anafikiria Mauritania. Akamwona Gora ameketi sebuleni kwa shemeji Ousseynou, macho maangavu, afya tele, akisema bila kuulizwa: mimi Mauritania sijawahi hata kuipitia kwa ndege.

– Ni kweli hiyo? – alimnong'oneza Gora.

– Mjomba, ni sharubati.

– Najua. Nauliza tu.

– Saa nne inakaribia, – alisema Mama Soukeyna.

– Bado mapema, – Sheria akasema, akikohoa kikohozi chake cha mahakamani. – Na hata mkiwahi, mtaingiaje? Kipimo, mikono yako iko wapi?

– Hii hapa.

– Mitupu! Unakwenda kumwomba mtu akupokelee mtoto wako, unaingia mikono mitupu? Hata mke haombwi hivyo. Iko wapi kola, zile kokwa za posa?

Massamba akashtuka. Kusema kweli, jambo la kola hakuwa amelifikiria.

– Kituoni wanataka kola?

– Hawatasema. Mwenye heshima hasemi. Atakutazama tu mikono, kisha atakwambia faili la mwanao limepotea. Mafaili nayajua mimi. Kola kilo moja, nyeupe na nyekundu. Na msemaji. Wewe hutakiwi kufungua mdomo, wewe ni mwenye mtoto. Msemaji ndiye anasema: tumekuja, tumeona ua katika nyumba hii.

– Ua gani? – Gora aliuliza. – Nakwenda kunywa dawa.

– Ndiyo maana huwezi kuwa msemaji.

– Msemaji ni mimi, – Dokta akadakia. – Wananijua pale.

– Wanakujua kwa kusinzia! Msemaji ni mkubwa kwa umri.

– Mkubwa nani? Wewe umezaliwa mwaka wa nzige, mimi nilikuwa ninatembea!

– Ulikuwa unatambaa!

Mzozo wa nzige uliwachukua robo saa nzima, kwa sababu ilionekana Senegal iliingiliwa na nzige mara mbili na kila mmoja alidai wa mwaka wake walikuwa wakubwa zaidi. Massamba alisuluhisha kwa bidii. Aliuliza maswali, akapima hoja ya huyu, akapima ya yule. Alijua ni upuuzi mtupu. Lakini kila upuuzi ulimsogeza mbali na lile geti, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulishukuru.

– Mjomba, – alisema Gora, meno yakigongana. – Saa nne na robo.

– Tunakwenda, mwanangu. Waache wamalize.

– Hawajawahi kumaliza.

– Na liko jambo kubwa kuliko kola, – Sheria alisema, sasa ameinamia mbele, kofia kaishika mkononi. – Huyo msimamizi. Mnajua kisheria msimamizi ni nani? Ni mdhamini. Na mdhamini hubeba nusu.

– Nusu ya nini?

– Ya kila kitu! Kijana akinywa, msimamizi anaonja kwanza, wajue hakuna aliyetia sumu. Kijana akitoroka, msimamizi ndiye anayebaki akiimalizia chupa.

– Hilo ni kweli kabisa, – alisema Dokta, ambaye hapo kabla hakuwahi kukubaliana na Sheria hata juu ya siku ya wiki. – Na picha yake wanaibandika getini.

– Picha ya nani? – Massamba aliuliza.

– Ya msimamizi! Kubwa hivi. Kila apitaye aione.

Gora akainuka ghafla, akashika ukuta, akatapikia mtaroni. Kahawa yote ilirudi. Mama Soukeyna akaliacha birika, akamshika mgongo, akamfuta uso kwa ncha ya kilemba chake. Alimwuliza kitu kwa sauti ndogo, naye akatikisa kichwa kukubali.

– Mpe maji, – Massamba alisema, bila kusimama.

– Maji anayo, – alijibu Mama Soukeyna. – Maji siyo anachokosa.

Massamba alilisikia neno hilo vizuri. Lilimwingia, likamkaa kifuani, na ili asilisikilize zaidi akamgeukia Sheria.

– Hiyo picha, – alisema, – mtu anaweza kupigwa akiwa amevaa miwani?

Hapo ndipo baraza lilipochemka. Dokta alisema miwani inaruhusiwa ikiwa ya macho, siyo ya jua. Sheria alisema mtu akiwa na hofu anaweza kumtuma mwingine apigwe picha kwa niaba yake, ila aandike barua. Barua ya nani kwa nani? Ya mjomba kwa serikali. Kwa Kifaransa au Kiwolof? Wakaanza kuitunga pale pale. Walipofika "tunayo heshima kubwa ya kukujulisheni", Dokta alitaka heshima iwe kubwa sana, Sheria akasema sana ni ya watu wasiosoma, na Massamba akapendekeza wapime zote mbili waone ipi inakaa vizuri.

Ndipo akatokea mwashi mmoja, saruji mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele yao akiwa na kiu.

– Salaamu aleikum, wazee. Kahawa anauza nani hapa?

– Aleikum salaam, – walijibu wote watatu, na wote watatu wakanyoosha vidole upande mmoja.

Hapakuwa na mtu. Birika lilikuwa limefunikwa, vikombe vimepangwa, kitambaa kimekunjwa juu yake. Mwisho wa benchi palikuwa patupu.

– Anauza nani? – mwashi akauliza tena.

Sheria akafunua birika, akachungulia.

– Atakuwa amekwenda kununua kola, – alisema Dokta.

Massamba akatazama saa ya Sheria. Saa nne na dakika arobaini na tano. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Mwanamke huyu hakuwa ndugu yake Gora, hakula naye sahani moja, hakumnyonyesha, wala hakuwahi kuibiwa kichwa cha cherehani. Dada yake Massamba, alipokuwa anakufa, hakulishika vazi la muuza kahawa. Alilishika la kaka yake, akimwachia mtoto.

Akasimama. Hakuaga. Alizoa boubou la Ijumaa kwa mikono miwili mpaka magotini, miguu yake myembamba ikaonekana na Fass nzima, akakimbia.

– Kipimo! – Sheria alimwita. – Barua!

Alikimbia kando ya mfereji, akawapita wauza maembe, kondoo watatu, na wanafunzi waliompigia makofi. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Alipofika kwenye barabara ya kituo, pumzi ilikuwa imemwisha, na kiti cha plastiki kilikuwa palepale, na mwenye kiti palepale.

– Massamba! – shemeji Ousseynou alipaza sauti, furaha imemjaa. – Unakimbilia wapi? Humo wanaingia mateja! Una nani humo?

Angeweza kusema amepotea njia. Angeweza kusema ameitwa kushona mapazia. Maneno yote mawili yalikuja yenyewe mdomoni, yakiwa tayari.

– Mpwa wangu! – alipiga ukelele, mtaa wote ukageuka. – Gora! Mtoto wa dada yangu! Mauritania hajaenda! Anavuta unga, leo anaanza dawa!

Hakungoja kuona uso wa Ousseynou. Aliingia geti, akafuata ukumbi, akafika dirishani. Gora alikuwa ameegemea ukuta, kilemba cha mwanamke kimefungwa shingoni kama skafu. Nesi, binti mwenye kalamu mbili kichwani, alikuwa ameshika fomu, na mbele yake amesimama Mama Soukeyna, kichwa wazi, kitambulisho mkononi.

– Na wewe, mama, ni nani yake? – nesi aliuliza.

– Mjomba wake.

Nesi akamtazama vizuri, juu mpaka chini.

– Mama, hapa pameandikwa mjomba.

– Nami nimesema mjomba. Andika, binti yangu, saa tano inagonga.

Gora akacheka. Meno yalikuwa bado yanagongana, jasho linamtiririka, lakini alicheka, na Massamba hakukumbuka ni mwaka gani alikisikia kicheko hicho mara ya mwisho. Nesi akainamisha kichwa, akaandika. Alipokiinua akamwona mlangoni mzee wa boubou la bluu, kiatu kimoja, anahema.

– Na wewe, mzee? Wewe ni nani yake?

Massamba akafungua mdomo. Mama Soukeyna aligeuka akamtazama, ila hakumpisha hata hatua moja.

– Mimi, – alisema Massamba, – ndiye niliyechelewa.

Nesi akagonga muhuri.

– Basi kesho uwahi. Ni saa mbili kamili.