Miti Niliyopanda mu Shamba la Kuazima

Ba Mama na ba Papa, munisikilize kidogo. Sikuzoea kusema mbele ya bantu, na hii habari iko na haya ndani.

Nilikuya hapa Kibua na batoto wane, tukikimbia vita kwetu Masisi. Mama mumoja wa hapa, jina lake sitalitaja, akaniazima shamba ku kilima. Tukapata maharagi na mihogo, tukaacha kuombaomba.

Shida ilikuwa mvua. Kila ikinyesha, udongo muzuri unateremuka wote mu mutoni. Nikasikia kama biro ya serikali ya kilimo iko inagawa mbegu na miche ya miti kwa wenye kulima ku milima, ili udongo ubakie. Nikaenda kwa miguu, nikakuta mulango umefungwa. Nikarudia juma lingine. Agronomu, mutu wa kilimo wa ile biro, akaniandika, akanipa maharagi ya kupanda na miche makumi tatu. Nilirudi nyumbani nikiimba, muzigo ku kichwa.

Ndugu zangu, nawaambia, furaha ilinitoa akili. Nikapanda miti yote bila kuuliza mwenye shamba. Na munajua desturi yetu: mwenye kupanda muti njo mwenye udongo. Mu shamba la kuazima unapanda kitu cha kuvuna na kuondoka. Nilijua ile tangu utoto.

Yule mama alikuya kuangalia, akakaa chini. Akasema polepole, "Nilikupa pa kulima. Sasa uko unaninyang'anya? Ukimaliza kuvuna, utoke."

Nikakasirika. Nikasema ni wivu, ni juu miye niko mugeni. Majuma matatu hatukusalimiana, hata hapa kanisani, na tunakaa ku banki moja, bega kwa bega. Lakini kila nikiangalia batoto wakikula, roho iliniuma. Tutakimbilia wapi tena? Na kibaya zaidi, haki ilikuwa yake.

Asubuhi moja nikang'oa miche yote na udongo wake, nikaitia mu besheni, nikapeleka kwake. Nikapiga magoti. "Mama, miti ni ya kwako. Pa kuipanda, wewe njo utasema."

Kisha akachukua jembe lake. "Twende ku shamba."

Yeye alichimba na kupanda, miye nikashika miche. Mingine ilikufa, juu niliisumbua. Agronomu alipofika kuangalia miti, akaandika mbele ya chefu wa kijiji: miti ya mwenye shamba, maharagi ya mwenye kulima.

Aksanti kwa agronomu, aksanti kwa chefu. Na wewe Mama, unajijua pale umekaa, aksanti sana. Ninyi wengine, mukipata musaada, kwanza mugonge mulango kwa mwenye udongo. Miye nilianza na jembe, ikabakia kidogo batoto wangu walale njaa.

Ameniambia nilime mpaka amani irudi kwetu. Siku hiyo nitabeba mbegu yangu ya maharagi, nitaenda. Miti nitamuachia, na nitalia kidogo, juu nimeipenda.