Moto Tuliowaachia Wenzetu: Risala ya Wanafunzi wa Kemia Ogania, Chuo cha Sayansi Ambodijirofo

Mgeni rasmi, Bwana Ramahefarisoa, Mkurugenzi wa Elimu ya Juu wa Mkoa wetu, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi mliotoka vijijini, wanafunzi wenzetu.

Hapa kwetu msemaji huomba radhi kwanza kwa wakubwa waliostahili kusema kabla yake, na kwa wadogo watakaochoka kumsikiliza. Tumeomba radhi. Tunaendelea.

UKARIBISHO

Karibu sana Ambodijirofo. Umekuja kufungua lango jipya la chuo. Tumeliona, ni zuri, na tunalishukuru. Ila hatutasema mengi juu ya lango, kwa sababu tuna shida na mlango mwingine. Mlango wa maabara umefungwa tangu mwezi uliopita, kwa amri yenye sahihi yako. Tumeona ni heshima kukuambia hilo mapema kuliko kukuzungusha.

Mimi ninayesoma ndiye mzee wa darasa. Niliacha shule mapema, nikarudi na mvi. Wenzangu wamenituma kwa kuwa, wanasema, simung'unyi maneno. Yaliyoandikwa hapa ni ya wote.

HISTORIA FUPI

Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa pili, muhula wa pili wa kemia ogania. Muhula wa kwanza ni wa majina na michoro. Huu wa pili ndio wa kazi: unachukua kitu kimoja na kukigeuza kingine, kwa mikono yako mwenyewe, ndani ya maabara. Asiye na alama za maabara hafanyi mtihani wa mwisho, na asiyefanya mtihani hurudia mwaka.

Karibu sote ni watoto wa wakulima wa karafuu. Kijijini, mtambo wa kukeneka mafuta ya majani ya karafuu huwa mmoja kwa familia nyingi, tunapokezana. Anayemaliza zamu hazimi moto. Huusukuma vizuri, huongeza kuni, ndipo huondoka, ili mwenzake asianze na mtambo baridi. Kumzimia jirani moto kabla hajafika ni tusi. Wapo ndugu wasioamkiana mpaka leo kwa sababu ya moto uliozimwa.

Tunaomba Mgeni rasmi ulizingatie hili, maana ripoti ya moto wa maabara uliyoletewa hailitaji.

MAFANIKIO

Kabla mlango haujafungwa tulitengeneza esta, kimiminika chenye harufu ya ndizi mbivu, hata wapishi wakaja kuchungulia dirishani. Tulipaka fedha ndani ya chupa ya kioo mpaka ikawa kama kioo cha kujitazamia. Mwenzetu Lalaina alimpelekea bibi yake, na bibi akauliza kwa nini chuo kinafundisha kutengeneza vitu vinavyouzwa dukani. Tulitoa mafuta ya karafuu kwa namna ya maabara, tukapata kidogo kuliko wanavyopata wazazi wetu, lakini safi zaidi.

Vyombo vyetu vya kioo ni vichache, hivyo tuligawanyika makundi mawili, la asubuhi na la mchana, tukapokezana kama tulivyozoea nyumbani. Mwalimu wetu, Bi Voahirana, alitusifu kwa jinsi tulivyopokezana bila ugomvi. Ugomvi haukuwepo kweli.

MOTO WENYEWE

Siku hiyo kazi ilikuwa ya dawa moja isiyotaka maji hata chembe. Mgeni rasmi unaijua pwani hii: mvua haina likizo, hata chumvi mezani hulia. Ilibidi tukaushe vyombo vya kioo juu ya jiko la umeme kwanza, ndipo tumimine etha, kimiminika kinachoshika moto upesi kuliko petroli. Kundi la asubuhi lilimaliza, likafuta meza, likaondoka. Jiko halikuzimwa. Kundi la mchana liliingia, likafungua chupa ya etha karibu yake. Mvuke wa etha hautaki kiberiti. Bamba la jiko lenye joto linautosha. Pazia liliungua, kabati moja likaungua, na Jaofera wa kundi la mchana akapoteza nyusi zote mbili. Bi Voahirana aliuzima moto kwa ndoo ya mchanga. Hakuna mwingine aliyeumia.

Moshi ulipotoka, Mwalimu aliuliza, "Nani kaacha jiko linawaka?"

Soloniaina, kiongozi wa kundi la asubuhi, akajibu bila wasiwasi, "Sisi, Mwalimu. Tumewaachia wenzetu moto."

"Mmewaachia nini?"

"Moto, Mwalimu. Tungezima wangesema tuna roho mbaya."

Jaofera naye, uso umeiva kama kaa aliyechemshwa, akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Nilipishana nao mlangoni nikawaambia asanteni."

"Uliwaambia asanteni!"

"Sasa ningewaambia nini, Mwalimu? Mtu kakuachia moto."

Mwalimu aliketi kwenye kigoda. Ripoti imeandika kwamba chanzo ni uzembe. Hatukubaliani nayo. Mzembe huondoka bila kufikiri. Sisi tulifikiri, ila tulifikiri ya mtambo mahali pa etha. Kosa ni letu, si la Bi Voahirana, ambaye alikuwa amebandika ukutani tangazo la kuzima majiko. Tulilisoma. Tulidhani linamhusu yule wa zamu ya mwisho.

CHANGAMOTO

Tangu mlango ufungwe tunafanya mazoezi ya maabara kwa chaki. Mwalimu huchora chupa ubaoni, huchora jiko chini yake, kisha hutuambia kinachotokea. Juzi mwenzetu Tsiory aliuliza, "Mwalimu, hiyo chupa imechemka?"

"Imechemka."

"Inanukaje?"

Mwalimu alifuta ubao. Kipindi kikaishia hapo.

Mtihani wa vitendo ni mwisho wa mwezi huu, na yamebaki mazoezi matatu. Muhula wa pili hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Tukiukosa, wazazi waliopo hapa hawatatulipia mwaka mwingine kwa kosa hilohilo. Hawatagombana nasi. Watatuambia tu kwamba majani ya karafuu yapo tayari.

Changamoto nyingine ni ndogo. Kwa sasa tunazima kila kitu. Mama Zafisoa wa jikoni ametulalamikia kwa Mkuu: "Hawa watoto wa kemia wana wazimu! Nageuka kuchukua chumvi, wali wangu umezimiwa moto. Mara ya pili hii!" Tumemwomba radhi. Tumeona jambo hili tulitaje wenyewe kabla halijakufikia kama ripoti.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Maabara ifunguliwe.

Hatuombi pazia jipya wala kabati. Jaofera haombi fidia. Nyusi zimeanza kuota. Tumekubaliana kwamba kila kundi litazima jiko na kulikabidhi baridi, na aliyezima hatahesabiwa kuwa na roho mbaya. Jambo hili tumelisema mbele ya wazazi wetu. Baadhi yao hawakulipenda. Baba yake Soloniaina alisema, "Basi huko mnafundishwa uchoyo." Tulimjibu kwamba kijijini tutaendelea kuachiana moto, na chuoni tutaachiana baridi, na kwamba mtu mzima anaweza kushika adabu mbili. Hatujui kama amekubali, lakini leo amekuja.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ufunguo uko mfukoni mwa Mkuu wa Chuo, aliyeketi kulia kwako. Tumemuuliza mara nyingi, naye amejibu kila mara kwamba hawezi bila neno lako. Hatuhitaji barua. Neno lako mbele ya wazazi hawa linatosha.

Umeona kundi la asubuhi limeketi hapa mbele na makoti meupe ya maabara, siku ya sherehe. Wametaniwa tangu kulipokucha kwamba wamekuja kama wauza nyama. Ukisema ndiyo, tunaomba uwaruhusu waondoke kabla ya chakula, wakaanze zamu yao maabara. Ukisema hapana, watavua makoti na kukaa kula nawe, na kesho wataanza kufungasha.

Mungu na waliotutangulia wakufikishe salama nyumbani, barabara isikukwamishe, na nyumba yako isikose wali wala watu wa kuula.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kemia Ogania, Muhula wa Pili, kundi la asubuhi na kundi la mchana.
Imesomwa kwa niaba yao na Jaotombo.