Kiti Kilichouzwa

Kwenye treni ya asubuhi, fundi wa tovuti alikuwa akimsifia abiria mwenzake, mama muuza samani, programu ya duka la mtandaoni. "Bidhaa unabadilisha mwenyewe, mama. Kiti kikiuzwa, picha inajiondoa yenyewe."

"Hiyo siitaki, mwanangu."

Fundi alishangaa, maana wateja wake wote waliililia hiyo hiyo. "Watu waagize kitu kisichokuwepo?"

Mama akamwonyesha picha kwenye simu. Kwenye kiti kilichouzwa zamani alikaa mzee, anacheka mpaka magego yanaonekana. "Marehemu baba watoto. Duka alianzisha yeye. Nimtoe kwa sababu kiti kimenunuliwa?"

Fundi akaichukua ile simu. "Ipo nyingine, haiondoi kitu mpaka mwenye duka abonyeze. Ila kujifunza kuitumia kunataka subira."

"Subira ninayo."

Treni ikasimama kwenye kituo cha fundi. Milango ikafunguka, ikafungwa, naye bado alikuwa ameinamia simu ya mama, akiitafuta ile programu.