Nadhiri ya Seremala

"Mbona treni hii inarudi nyumbani?" seremala aliuliza, macho dirishani. Nilikaa nyuma yake na mwenzake. Baiskeli zao mbili za umeme zilikuwa zimefungwa karibu na mlango, bado zina matope ya njia ya hija.

Shemeji yake, muuguzi mstaafu, hakukana. "Inarudi, ndiyo. Jana ulizimia mlimani, shemeji. Wenzetu waache waendelee."

"Uliniambia tunawatangulia!"

"Ningekuambia ukweli, ungepanda?"

Kwa kweli asingepanda. Hata mimi niliyemjua kwa dakika kumi niliona hivyo.

Seremala akashusha sauti. Mkewe alipokuwa mahututi, aliweka nadhiri: akipona, atakwenda kuhiji kwa baiskeli. Mke akapona, na miaka kumi na mmoja ikapita hivi hivi. "Nimebakiza siku mbili tu. Unataka nife sijaitimiza?"

"Na dada yangu aliyepona, nimpelekee maiti?"

Treni ikapunguza mwendo. Seremala akainuka, akaifungua baiskeli yake. Muuguzi akapiga mkoba wake kofi. "Betri yako ninayo humu. Utakwenda na nini?"

"Nitaisukuma."

Tulidhani anatisha tu. Treni iliposimama, akashuka kweli, akaanza kusukuma kile chuma kizito kurudi tulikotoka, mkono mmoja kifuani. Muuguzi akasonya, akavuta baiskeli yake, akashuka mbio.

"Shemeji! Ningoje!"

Seremala hakugeuka.